Haloo na Sauti ya Kaka Yake

Benchi letu linatazamana na jengo la kampuni ya maji, lile la vioo vyeusi: wao wanatuona, sisi tunajiona wenyewe. Mchana ule nilikuwa nimeacha meza yangu ya viatu vya mtumba, nimekaa na Antena, fundi simu, na Kufuli, mlinzi wa ghala la jirani. Mama wa kahawa anamimina. Mara akavuka barabara Haloo, anayepokea simu za wateja humo ndani. Saa za kazi, na kitambulisho shingoni hana.

— Wamenisimamisha, akasema. Eti mimi ni hatari kwa siri za wateja.

— Wewe? Antena akashangaa. Wewe hata siri za mkeo huzijui!

Hakucheka.

— Simu zote za wateja zinarekodiwa. Marehemu kaka aliwahi kupiga, analalamikia mita yake. Tangu tumzike, kila nikipata mapumziko naifungua rekodi hiyo, namsikiliza. Kumbe wameweka programu ya kutuchunguza: nani kafungua nini, mara ngapi. Ikanikamata.

— Ndiyo maana wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, Kufuli akadakia.

— Kibaba kinaingiaje hapo, mzee?

— Si kampuni ya maji?

Haloo akaendelea kama hakusikia.

— Leo mkuu wa usalama kaniita. Nikamweleza ukweli wote. Akaniambia, “Kama ulikuwa unasikiliza tu, huyu ni nani?” Akabonyeza kompyuta yake. Kumbe kipaza sauti cha simu yangu ya kazini kilikuwa kinaninasa muda wote. Kaka anasema, “Haloo, mnanisikia?” Mtu anamjibu, “Nakusikia, kaka.”

— Mtu gani?

— Mimi. Na sikumbuki hata kufungua mdomo! Akilalamika, naitikia. Akicheka, nacheka. Utadhani tumekaa sebuleni kwake.

Mama wa kahawa akaweka birika chini.

— Siyo wewe, Antena akasema. Ni mashine. Imekusikiliza weee, ikaiba sauti yako, sasa inakujibia. Kesho itaingia kazini badala yako.

— Mashine wapi! Kufuli akapinga. Nyuma ya vile vioo hakuna mtu. Jengo lenyewe ndilo linatazama. Na maiti ukimwita kila siku, iko siku atageuka.

Tukatazama ng'ambo. Kwenye vioo tulikuwepo sote, tumekaa benchini.

— Mwisho wa simu kaka alisema nini? nikauliza.

Haloo akapapasa shingo isiyo na kitambulisho.

— Alikuwa anamsubiri fundi wa mita. Akauliza, “Sasa mnakuja lini?”

— Na wewe?

— Nikasema, “Nakuja, kaka. Nakuja.”

Hatukuwa tumemwona mwanamke aliyesimama nyuma ya benchi, na sare ya usafi ya hospitali mwilini. Ni mjane wa huyo kaka. Haloo alikuwa amempigia aje.

— Shemeji, akasema taratibu. Sauti yake ipo humo ndani?

— Ipo, shem.

— Na wewe wamekufungia?

— Wamenifungia.

Akalitazama jengo.

— Sasa akiita tena, nani atamjibu?

Antena akainamia simu aliyokuwa anaitengeneza. Mama wa kahawa ndiye aliyeinuka wa kwanza, akaanza kukusanya vikombe, vingine vimejaa bado.