Vyumba Vitatu, Bibi Harusi Mmoja

Benchi la Waya, fundi redio, lina miguu minne, lakini mmoja ni tofali. Limewekwa nje ya banda lake la kutengenezea redio, na anayekaa upande wa tofali akijitikisa, wote wanamwagikiwa kahawa. Alhamisi hiyo upande wa tofali alikaa Koki, fundi bomba, na hakutikisika hata kidogo, maana alikuwa na lake moyoni. Keshokutwa, saa nne asubuhi, mwanawe wa pekee alikuwa anaoa ughaibuni, na harusi ingeonekana moja kwa moja kwenye tivi. Nyumbani kwa Koki kuna tivi tatu na wanawake watatu wasiosemeshana: mama yake chumba cha nyuma, dada yake mkubwa chumba cha pembeni, mkewe sebuleni. Ugomvi ulianza siku kijana alipopiga simu kusema amepata mchumba. Bibi akajua kwanza, shangazi akajua baada ya robo saa, na mama aliyemzaa akaja kuambiwa na jirani, sokoni, kitunguu mkononi. Miezi mitatu sasa hata salamu zinapitia kwa Koki. Basi ameapa kwamba safari hii hakuna atakayemwona bibi harusi kabla ya mwenzake, hata kwa nukta moja.

— Jana nimejaribu, alisema Koki. Nimerusha picha hewani, bila waya. Sebuleni ikafika kwanza, mke wangu akacheka. Mama akagonga ukuta kwa mkongojo: “Mnanicheka nini?” Kichekesho kimemfikia nukta tano baadaye, keshanuna.

— Na dada?

— Kwa dada kuna kiduara kinazunguka. Mpaka naondoka asubuhi kilikuwa bado kinazunguka.

Waya alipuliza kahawa yake.

— Hewa haina mwenyewe, ndugu yangu. Tumia waya. Ninacho kigawanyio humu ndani, unaingiza waya moja, zinatoka tatu.

— Pingamizi, alisema Jaji, karani mstaafu wa mahakama, ambaye tangu astaafu ndio kwanza ameanza kuhukumu. Bandu bandu huisha gogo. Ukigawa picha kwa watu watatu, kila mtu anapata theluthi. Mmoja atapata shela, mwingine gauni, na wa chumba cha nyuma atatazama viatu mpaka watu watawanyike.

— Picha haigawanyiki hivyo, mzee wangu.

— Hata kwenye mashamba ya urithi walisema hivyo hivyo.

— Mimi naona ni kama maji tu, alisema Koki. Maji hufuata mkondo. Kwa hiyo kile kisanduku cha intaneti nimeshakipandisha juu ya paa, kando ya tangi. Picha itashuka kwa nguvu, vyumba vyote presha moja.

Waya akaweka kikombe chini.

— Kisanduku nilichokuuzia mimi kiko juu ya paa?

— Nimekifunika na ndoo.

Hakuna aliyecheka. Mabomba ya nyumba zao wote aliyafunga Koki, na hayajawahi kuvuja.

— Shida ni urefu, alisema Rula, fundi cherehani, futi ya kupimia ikiwa shingoni. Kwa mama mita kumi na nne, kwa dada tisa, sebuleni mbili. Picha itembee kumi na nne halafu ifike pamoja na iliyotembea mbili? Kata waya zote mita kumi na nne. Ya sebuleni inayozidi izungushe nyuma ya kochi, picha izurure humo mpaka wenzake wafike.

— Picha ina mbio, Rula, alisema Waya. Hizo mita si kitu.

— Hata kwenye suruali sentimita moja si kitu, mpaka uiname.

Jaji alikuwa anasubiri zamu yake.

— Mnazunguka mbuyu bure. Kosa ni hiyo picha kali ya HD. Inabeba kila kope, kila tone la jasho. Mzigo ule haukimbii, ndiyo maana wahenga wakasema kawia ufike. Naamuru mama apewe HD kwa heshima ya umri wake, wengine wapewe ile ya ukungu.

— Mke wangu amwone mkwewe kwa ukungu?

— Basi wote ukungu.

— Jaji, miezi mitatu nakula sahani tatu, alisema Koki, na sauti yake ikashuka. Kila mmoja anapika, kila mmoja anakaa kunitazama nikimaliza. Nimechoka. Nataka wacheke pamoja mara moja tu, hata kama ukuta uko katikati. Nikiipata ya kwanza, ya pili itakuja yenyewe. Nitatoboa kuta leo hii.

Waya aliingia bandani, akatoka na kigawanyio na bunda la waya, akavitua mapajani kwa Koki.

— Picha zote tatu zinatoka pamoja, zinafika pamoja. Nakuja kufunga mwenyewe. Ila kile kisanduku ukishushe.

— Kumi na nne, kumi na nne, kumi na nne, alisema Rula.

Koki akakubali na hilo pia.

Mwisho wa benchi alikuwa amekaa mama mmoja aliyeleta feni yake itengenezwe. Alikuwa mgeni pale, na tangu mwanzo hakuwa ametia neno.

— Samahanini, baba zangu. Naomba kuuliza. Hao maharusi watakuja nyumbani lini?

— Mwezi ujao, alisema Koki, akitabasamu kwa mara ya kwanza. Watakaa kwetu wiki mbili nzima.

— Na huyo bibi harusi akifika, ataingia chumba kipi kwanza?

Rula aliikunja futi yake, akaikunjua tena. Waya alilitikisa birika la kahawa, lilikuwa tupu. Akilini Koki alimwona mkwewe amesimama koridoni na sanduku lake, milango mitatu wazi, kila mlango na mtu wake anayesubiri. Alikitazama kigawanyio pale mapajani. Kisha akainuka ghafla, benchi likainama, na wote wakadaka vikombe ambavyo havikuwa na kitu.

— Rula, njoo na futi. Twende kwangu.

— Kupima waya?

— Kupima mlango wa mbele. Nataka kujua niupanue kiasi gani, wasimame watatu bega kwa bega.