Mama Namuria Anatuaga Kabla Jibu la Wafadhili Halijafika

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, Bi. Namuria Lotiir, Mkuu wa Ruzuku katika Mfuko wa Haki Mashinani, anastaafu baada ya miaka kumi na tisa ya utumishi. Sherehe ni hapa ofisini Lodwar, saa nane mchana. Mbuzi wameshapatikana, hema limesimama, na kwaya ya akina mama imefanya mazoezi mpaka majirani wamezikariri nyimbo. Kila kitu kiko tayari isipokuwa sisi. Aliniagiza niandike wasifu wa furaha tupu, bila kulialia. Nimejaribu, walahi. Lakini kila nikianza kumsifu, najikuta nikiuliza vikundi vitabaki na nani. Mnisamehe. Mimi ni Kipngeno, msaidizi wake kwa muda mrefu, na kuanzia Jumatatu kiti chake nitakikalia mimi.

Kwa wageni wasiotufahamu, kazi yetu ni kupokea fedha za wafadhili na kuzigawa kama ruzuku kwa vikundi vidogo vya wananchi na wakimbizi vinavyotetea haki za binadamu, tangu wafugaji wa Lokiriama kule mpakani hadi wanawake wa kambi ya Kakuma. Vingi havina hata meza. Ndivyo vinavyomfuatilia kijana aliyewekwa ndani bila kushtakiwa, binti anayeozwa kwa nguvu, mjane aliyenyang'anywa mifugo na shemeji zake. Mkataba wa fedha unaisha Desemba, na wafadhili hawajatupa jibu la mwisho kama wataendelea. Mwaka huu tumeona mashirika mengine yakifunga virago moja baada ya jingine. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Mama Namuria, kama tunavyomwita wote, alianza maisha ya kazi kama mkalimani wa Kiturkana mahakamani. Husimulia kwamba alichoka kuwatafsiria watu mashtaka ambayo hata baada ya kutafsiriwa hawakuyaelewa. Akaja kwetu mwaka 2006 kama afisa wa nyanjani, akapanda ngazi polepole bila kumsukuma mtu.

Kikundi chochote kilichowahi kuomba ruzuku kinalijua swali lake: tukiwapa hizi pesa, Jumatatu asubuhi mtaamka mfanye nini? Kuna mwaka jamaa mmoja aitwaye Ngugi alijifanya mtaalamu, akawa anaviandikia vikundi maombi kwa malipo. Maneno yalikuwa matamu, ila yalikuwa yale yale kwa kila kikundi. Wafugaji wa Nakalale wakajikuta wameomba kutetea haki za wavuvi, na Nakalale samaki hufika akiwa amekaushwa! Mama Namuria alicheka mpaka akatoa machozi. Kisha akapanda gari akaenda kuwauliza wenyewe wanataka nini. Walitaka kufundishwa namna ya kumwombea mtu dhamana, na wakafundishwa.

Jambo lililobadilisha kazi yetu lilitokea Kakuma. Kulikuwa na kikundi cha vijana chini ya Manyang, kijana mchapakazi kweli kweli. Siku moja jina lake likatoka, akapata nafasi ya kuhamia Australia na familia yake. Kambi nzima ilimsindikiza kwa nyimbo, na ilistahili. Lakini Manyang peke yake ndiye aliyewajua mashahidi, ndiye aliyezoeana na maafisa, ndiye aliyeaminiwa na wenye kesi. Alipopanda ndege, kesi ya mama mmoja aliyepigwa vibaya ikafutwa kwa kukosa mashahidi. Kikundi kikafa. Kule mpakani nako hali ilikuwa hiyo hiyo: mwenyekiti akihamisha mifugo kutafuta malisho Uganda, kikundi kinalala mpaka mvua inyeshe.

Mama Namuria alihuzunika sana kwa ile kesi. Alipotulia akaweka sharti, kwamba hakuna kikundi kitakachopata ruzuku bila kila kiongozi kuwa na mrithi wake. Tena tukija kuwatembelea, mrithi ndiye atakayesema, na kiongozi aketi kimya mpaka tuondoke. Watu waliliita sheria ya kufunga mdomo, na walilinung'unikia kweli. Mzee Emanikor wa Lokiriama, ambaye salamu zake tu huchukua nusu saa, aliteseka kuliko wote. Siku ya kwanza alijaza tumbaku shavuni ili asiweze kuongea. Mrithi wake, Akai, alipokosea jina la chifu, mzee alisimama akaenda kukaa na mbuzi mpaka kikao kikaisha. Leo Akai ndiye anayekiongoza kikundi, na Mzee Emanikor anamwambia kila mtu kwamba wazo lilikuwa lake.

Sasa nifike kwenye jambo linalonisumbua. Mwezi uliopita wafadhili wawili walikuja Kakuma, na tulijua huo ndio mtihani wenyewe. Viongozi na warithi wa vikundi walijaa ukumbini, joto lilikuwa la kuchemsha ubongo. Mgeni mmoja akauliza: Mama Namuria akiondoka, itakuwaje? Sote tukamgeukia atuokoe. Yeye akainua kikombe chake cha chai, akanywa, akakirudisha mezani. Hakutamka neno. Kumbe sheria ya kufunga mdomo ilikuwa yake pia, na aliyepaswa kujibu ni mimi. Nikajifanya natafuta karatasi.

Akasimama Nyibol. Huyu ni mrithi wa Adhel, mwenyekiti wa kikundi cha wanawake kambini, na Adhel naye ameshapewa tarehe ya kuhamia Canada. Nikashukuru Mungu, nikijua atamsifu mama. Hakumsifu. Alimnyooshea kidole. Alisema binti mmoja alikuwa amekimbilia kituo cha polisi ili asiozwe, na jamaa zake wakafika kumchukua. "Adhel hayuko, amekwenda Nairobi na mambo ya safari. Huyu mama nimepiga simu, nimepiga tena, amekataa kushika. Mimi nimekasirika sana! Sasa nimeenda mwenyewe." Mgeni akauliza, na binti? Nyibol akasema binti yuko salama, amepata mahali pa kukaa, ameanza tena shule. Kisha akaketi, bado amenuna.

Afisa wa haki za binadamu anashtakiwa mbele ya wafadhili kwamba amekataa simu ya binti aliye hatarini! Nilimkanyaga mguu Mama Namuria chini ya meza ajitetee. Aliusogeza mguu wake, akaomba chai nyingine.

Wiki iliyopita wafadhili wakatupigia. Wako tayari kuongeza miaka miwili, kwa sharti moja tu: Mama Namuria abaki mwaka mmoja zaidi, kwa sababu ndiye wanayemwamini. Nilikimbia kumpasha habari kama mtoto aliyefaulu mtihani. Akasema hapana. Nilimbembeleza. Mzee Emanikor akamtumia ujumbe kwamba beberu yuko njiani akikubali. Hapana. Nilimnunia, sitaficha. Niliona anatupa kazi ya watu wengi kwa ajili ya kwenda kupumzika.

Ekiru, dereva wetu, ndiye aliyenihurumia akaniambia kilichotokea siku ya simu za Nyibol. Mama Namuria alikuwa amepata habari mapema. Alimwambia Ekiru aendeshe haraka, wakasimamisha gari ng'ambo ya barabara, mbele ya kile kituo cha polisi. Simu ililia akiwa ameishika mkononi. Mlango wa gari ulikuwa wazi, mguu mmoja tayari uko chini, jasho linamtoka. Ekiru alimsihi aingie, akaambiwa angoje. Wakamwona Nyibol akifika, wakasikia kelele za jamaa, wakangoja. Mwishowe Nyibol alitoka amemshika binti mkono, na afisa wa watoto nyuma yao. Ndipo Mama Namuria akafunga mlango, akasema waondoke asije akawaona.

Nilipomuuliza mbona hakujitetea ukumbini, alisema Nyibol alikuwa amejibu swali la wageni vizuri kuliko yeyote, na yeye akijitetea angemharibia. Kuhusu kuandika haya hapa, alisema niandike nitakalo, maana kuanzia Ijumaa si mkubwa wangu tena.

Juzi Nyibol na Akai walifika Lodwar. Walikuwa wamelisikia lile sharti. Nilidhani wamekuja kumpigia Mama Namuria magoti, kumbe wamekuja kuomba tuwaunganishe na wafadhili. Wakaongea nao wenyewe kwa simu, mbele yangu. Akai aliwaambia mama amefika wakati wa kwenda nyumbani, na wakiwa na swali wawaulize wao. Nyibol alisema kama pesa zitakatwa, watalia, halafu watafanya kazi. Wafadhili walishukuru, wakaahidi jibu wiki ijayo. Wataamua vipi, sijui. Hakuna anayejua. Hata hivyo niliona fahari.

Mama Namuria, ofisi nzima ya Lodwar na ile ya Kakuma inakushukuru. Akina mama, wafugaji na wakimbizi uliowatembelea kwenye vumbi na jua wanakushukuru, hata wale uliowafunga mdomo. Nenda kwenu Kaaleng ukae na wajukuu, mbuzi wako wazae mapacha, mvua ikukute nyumbani. Maisha yaliyo mbele yako yawe mema, yenye afya na vicheko. Ejok, kama wasemavyo Waturkana: iwe vyema.

Na kuanzia Jumatatu nitakupigia simu, najijua. Nitapiga, nitapiga tena. Najua utakuwa umeishika mkononi. Tafadhali, Mama, iache ilie.