Fundi Jeki na Magurudumu ya Sikukuu

Ndugu, jamaa na majirani, marehemu tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, akiwa kitindamimba wa familia ya watoto watano. Baba yao alifariki mapema. Kaka mkubwa, aliyemzidi miaka kumi na miwili, ndiye aliyemlea, na ndiye aliyemfunga vifungo vya shati siku yake ya kwanza ya shule.

Alianza shule ya msingi mwaka 1959, kisha akajiunga na chuo cha ufundi, alikohitimu ufundi wa magari mwaka 1971. Alikuwa mpole mno. Mwalimu wake mmoja alilalamika kwamba kijana huyu hubisha hodi kwa sauti ndogo, na mlango ukifunguliwa huwa ameshaondoka.

Mwaka 1974 alifungua gereji nyuma ya soko: kibanda cha mabati, shimo la kukagulia magari, na ukuta aliouchora umbo la kila spana ili isipotee mahali pake. Tarehe 8 Septemba 1979 alifunga ndoa na muuguzi wa wodi ya majeruhi.

Asubuhi moja, baada ya sikukuu za mwisho wa mwaka 1981, mkewe alirudi kutoka zamu akaketi kizingitini bila kuvua viatu.

"Wamekufa watatu, mume wangu. Wametoka kwenye sherehe, dereva amelewa chakari. Sisi tunawapokea wakiwa wameshavunjika. Huko nyuma hakukuwa na mtu wa kuwazuia?"

Marehemu aliinama akamvua viatu.

Sikukuu zilizofuata, wageni walipojaa uani kwake, alipita kimyakimya na jeki. Kila mwenye gari aliyeshika glasi ya pombe alifunguliwa gurudumu moja, gari likaachwa juu ya gogo, gurudumu likaviringishwa hadi chumbani. Asubuhi mwenye gari alilikuta limefungwa na kujazwa upepo, na chai iko mezani.

"Nirudishie mguu wa gari langu," shemeji yake alifoka.

"Shemeji, wa kwako mwenyewe unayumba. Wa gari utauweza?"

Watu walicheka, na shemeji akalala kwenye kochi. Nyumba za jirani zikaanza kumwita naye akawa Fundi Jeki.

Desemba 2008 kaka mkubwa alikuja na gari jipya, akanywa, kisha akataka kuondoka na familia yake.

"Weka jeki chini, mdogo wangu. Nimekulea mimi."

"Umenilea, kaka. Ndiyo maana siiweki."

Alizungusha spana hadi nati ya mwisho ikatoka. Kaka aliondoka kwa miguu mbele ya wageni wote, akaapa kutokanyaga tena pale. Kwa miaka kumi na mitano mtu huyu mpole alibeba kimya cha yule aliyemlea. Kila sikukuu alikwenda kumsalimu, geti halikufunguliwa, akarudi kwenye magurudumu ya watu. Sisi tuliomwona tunastaajabu hadi leo alizipata wapi nguvu hizo.

Moyo wake ulianza kudhoofika mwaka 2022. Desemba 2023, akiwa amejilaza mchana, simu ililia. Alikuwa kaka.

"Mkwe wangu amelewa, anapakia watoto garini. Mkwe nitamgombezaje mimi? Njoo na jeki."

Marehemu alifika akihema, akapiga magoti mavumbini. Nguvu zilipomwishia, kaka, mzee wa miaka themanini na minne, alipiga magoti kando yake, na mikono minne ikaizungusha nati moja. Ya zamani hawakuyagusa. Waliliviringisha gurudumu hadi sebuleni, wakanywa chai. Mkwe alinuna mpaka asubuhi. Leo alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza.

Marehemu alifariki hospitalini asubuhi ya Jumanne, tarehe 3 Juni 2025, kaka yake akiwa ameketi ubavuni pa kitanda.

Ameacha mjane, kaka, dada wawili, watoto wanne na wajukuu tisa. Wapo na wengine ambao hatuwezi kuwataja, kwa kuwa ajali isiyotokea haimwachii mtu jina. Huenda wamesimama nasi hapa kaburini, wazima, wamebeba watoto wao, nao wenyewe hawajui.

Mwenyezi Mungu ampokee fundi wetu, na apate sasa mapumziko yenye utulivu.