Fomu Niliyomjazia Hawa

Njooni karibu, Kristian na Wema wanangu, na wewe Hawa acha masufuria hayo uje ukae hapa, maana pumzi yangu ni fupi na sitarudia. Shamba la Soni mgawane sawa, karatasi anazo mwenyekiti, msigombane. Kilichonikaa kooni ni kingine.

Wema, jana ulipokwenda kuoga nilifungua mkoba wako. Ndiyo, nimepekua, unikasirikie baadaye. Nimesoma fomu ya yule Eliya wa Shume, mtoto wa Kimbugu, uliyoandika kwamba hamtazami mwalimu usoni, akiulizwa hajibu, kwa hiyo ana upungufu wa akili, na Jumatatu unaipeleka wilayani aondolewe darasani. Miezi miwili tu ya ualimu wa elimu maalumu, na mkono umeshakuwa mwepesi hivyo? Nyumbani kwao ulifika? Nani kakuambia kwamba mtoto aliyelelewa kuinamisha uso mbele ya mkubwa hana akili?

Mimi mwenyewe nilifanya hivyo. Mwaka tisini na nane, nikiwa mwalimu wa kazi hiyo hiyo yako, hapa hapa Gare, nililetewa binti wa miaka saba nimpime kama anaweza shule. Nikamwuliza jina la mama yake. Akainama. Nikauliza mara ya pili, ya tatu, nikagonga meza. Mimi Msambaa, niliyechapwa na bibi yangu kwa kutamka jina la mama, nilijua kabisa kwamba katika nyumba zetu mtoto halitamki; lakini kitabu cha chuo kilisema wa umri ule lazima alitaje, na afisa elimu alikuwa nyuma yangu anatazama saa. Nikaandika: hajui jina la mama yake, hafundishiki. Shule ikamkataa. Alipotimiza miaka kumi na mitano nikamchukua kwangu, watu wakanisifu kanisani kwa huruma.

Haikuwa huruma, Hawa. Binti yule ni wewe. Maswali uliyakumbuka, nilichoandika hukukijua. Ulidhani baba yako ndiye aliyekunyima shule, nami nikakuacha umchukie mpaka tukamzika. Niliogopa, mwanangu. Naona aibu mpaka mifupani.

Nipeni maji... Nyumba hii isiwe ya watalii, Kristian, najua umeshaongea na mtu. Ni ya Hawa. Walimu wanaoletwa na chuo kwa mazoezi, wawe wa Tanga au wa wapi, walale humu, kisha wakakae na wazazi, wachume mboga nao, waone mtoto anavyoamkia wakubwa na anavyonyamaza, ndipo washike fomu. Hawa ndiye atakayesema nani yuko tayari, kama atakubali. Asipokubali msimlazimishe, na nyumba ibaki yake.

Wema, ichane fomu hiyo. Sasa, niisikie... Usinitazame mimi, ichane... Haya. Kesho panda Shume, umwombe mama yake Eliya ushinde naye, na usiandike kitu.

Mungu awalinde, wanangu, awape... awape subira niliyoikosa. Hawa, sikudai msamaha, sina... Umesimama. Unakwenda wapi? Kristian, mpishe mlangoni. Asifuatwe na mtu... asiitwe. Mwacheni aende.