Verlyn Haugsrud na Mbao za Trela ya Mdogo Wake

Barafu ya Ziwa Stenrud ilipasuka kwa mlio mmoja mzito usiku wa kuamkia Jumapili, tarehe 9 Februari 1947, na mkunga, aliyeletwa kwa sleji ya kukokotwa juu ya theluji kwa sababu barabara ilikuwa imefukiwa na theluji, alisimulia baadaye kwamba mtoto alitoka kana kwamba ameitwa. Mtoto huyo ndiye mpendwa wetu Verlyn Haugsrud, mzaliwa wa kwanza wa mzee Palmer na mama Inga, katika shamba la familia nje kidogo ya mji wa Nordby, kaskazini mwa Minnesota, na mdogo wake wa pekee, Delmar, ambaye tuko naye hapa kanisani leo, alizaliwa tarehe 2 Julai 1950.

Marehemu alisoma shule ya kijijini hadi mwaka 1961, akamaliza sekondari mjini Nordby tarehe 28 Mei 1965, akaitwa jeshini mwaka uliofuata na kutumikia miaka miwili nchini Ujerumani akiwa fundi wa malori, na baada ya kurudi, Machi 1969, aliajiriwa na idara ya barabara ya wilaya kama mchomeleaji, kazi aliyoifanya kwa miaka arobaini bila kuchelewa hata asubuhi moja, isipokuwa labda asubuhi ile alipozaliwa binti yake.

Tarehe 13 Juni 1970 alifunga ndoa na Ardis Mickelsrud katika kanisa hili hili, na Mungu akawajalia watoto wawili, Marit, aliyezaliwa tarehe 4 Aprili 1973, na Lowell, aliyezaliwa tarehe 19 Novemba 1976, na wajukuu watano.

Lakini wengi wenu hamkumjua kwa barabara, mlimjua kwa mbao. Kila Oktoba, boti zilipotolewa majini, mlileta trela zenu za kubebea boti uani kwake, naye aliinama chini ya kila moja na bisibisi yake ya zamani, akazichoma zile mbao ndefu mbili ambazo boti hulala juu yake, na bisibisi ikizama alisema tu, "Hii imekwisha, bwana, umeilaza boti yako juu ya uji." Alitumia mwerezi mtupu, akauviringisha kingo, akaupaka mafuta ya kitani mara tatu, akazamisha vichwa vya boliti ndani ya mbao ili visikwaruze tumbo la boti, kisha akauvika zulia, akiacha upande wa chini wazi maji yapate pa kutokea. Mbao za namna hiyo zilidumu miaka mitano, sita, na hakuna aliyelalamika.

Mke wa Delmar, aliyeolewa katika familia hii mwaka 1974, na aliyekuwa mpishi wa shule ya Nordby kwa miaka ishirini na tisa, alikuwa akija uani na chupa ya kahawa, anakaa juu ya ndoo, anamchokoza. "Shemeji, hivi ni haki, boti inalala kwenye zulia na mimi jikoni kwangu nakanyaga saruji?" Marehemu, aliyekuwa mtu wa maneno machache, alimjibu, "Boti hainisumbui kwa maneno," naye akacheka hadi kahawa ikamwagika. Hatukuwahi kumwona marehemu akitabasamu na mtu mwingine kwa namna ile, na tunalisema hili kwa sababu bila hilo hamtaelewa yaliyofuata.

Oktoba 2005, mwaka ambao Delmar alitimiza miaka hamsini na mitano, marehemu alitaka kumpa zawadi ya mbao ambazo hazingehitaji kubadilishwa tena maishani, akanunua mbao mpya zenye dawa ya kuzuia kuoza, zile za rangi ya kijani zilizokuwa zimeanza kuuzwa miaka hiyo, ambazo kila moja ilikuwa na karatasi ndogo iliyopigwa pini kwenye ncha. Alizing'oa karatasi zile ili pini zisichane zulia, akazitupa bila kuzisoma. Zilikuwa zimeandikwa kwamba dawa hiyo ina shaba nyingi, na kwamba mbao zisigusane na alumini. Boti ya Delmar ilikuwa ya alumini.

Ililala juu ya mbao zile majira matatu ya baridi, zulia likiwa na unyevu, shaba ikila alumini polepole mahali ambapo jicho halifiki, na asubuhi ya Jumamosi, tarehe 10 Mei 2008, siku ya kufunguliwa kwa msimu wa uvuvi, watu wote wa Nordby wakiwa foleni kwenye mteremko wa kushushia boti, mtu mmoja alipaza sauti kama ilivyo kawaida ya siku ile, kwa kuwa nyuma ya boti kuna tundu la kutolea maji ambalo asiyeliziba huzama, "Delmar, kizibo umefunga, au tukuitie wapiga mbizi?" na mkewe akajibu kwa niaba yake, "Kimefungwa, mwenyewe nimempigia kelele." Saa nne upepo ulivuma, boti ikawa nzito upande wa nyuma kwa maji yaliyokuwa yamejikusanya chini ya sakafu, wimbi likaingia, na ingawa wote wawili walikuwa na majaketi ya kuokolea, maji ya ziwa yalikuwa bado na baridi ya barafu, na mke wa Delmar hakutoka humo akiwa hai.

Marehemu ndiye aliyeivuta boti ile kwa winchi hadi juu ya trela. Alikifungua kizibo kwa mkono wake mwenyewe ili maji yatoke, kwa maana kilikuwepo, na kilikuwa kimekazwa, kisha akainama chini ya boti na tochi, kama alivyozoea, akaona mistari miwili ya vitundu, upana wa mbao zake, na maji yakichuruzika humo kama kwenye chujio. Afisa wa polisi kutoka kwa sherifu alimuuliza kama alikiona kizibo. Kilikuwa mfukoni mwake. Akajibu, "Sikukiona."

Kuanzia siku hiyo mji wote ulisema Delmar alisahau kizibo, na Delmar, aliyeapa wiki nzima kwamba alikifunga, alianza kuona shaka, kisha akaamini, kisha akauza nyumba na kuhamia Dakota Kusini. Marehemu aliikata boti ile vipande. Majira yaliyofuata alizizungukia trela kumi na moja alizokuwa ameziwekea mbao za kijani, akazibadilisha zote bila malipo, akiwaambia wenyewe, "Zile zilikuwa na kasoro," na mlimsifu kwa uaminifu wake, na kila mlipomsifu aliingia ndani. Jina la shemeji yake halikutajwa tena nyumbani kwake, na wajukuu waliozaliwa baadaye hawakuwahi kulisikia.

Novemba 2023 aligundulika kuwa na saratani ya figo. Tarehe 18 Agosti 2024 alimwita Marit akamweleza yote, akamwomba ampigie simu baba yake mdogo, na Delmar akaendesha gari kwa muda wa saa sita, akafika tarehe 25. Tulikuwepo. Alisikiliza hadi mwisho akiwa amesimama na kofia mkononi, kisha akasema, "Kaka, miaka kumi na sita nakitafuta hicho kizibo usingizini. Ungenipigia simu hata ya kunitukana." Marehemu alisema, "Nilimuua mkeo." Delmar akasema, "Ana jina." Marehemu akafumbua kinywa, akajaribu, akajaribu tena, na hakuweza.

Delmar alitoka nje hadi jioni. Aliporudi alishika glasi na kumwinua kaka yake kichwa. "Msamaha sina leo," alisema, "ila kunywa maji." Alibaki siku tisa, akimgeuza, akimnywesha, na Jumanne, tarehe 3 Septemba, saa kumi na moja alfajiri, marehemu alivuta pumzi ya mwisho, mdogo wake akiwa kando yake. Kama msamaha ulipatikana baadaye, sisi hatukuusikia, na hatutawaambia kwamba tuliusikia.

Familia inawashukuru madaktari waliomtibu, wauguzi waliomjia nyumbani, majirani waliotuondolea theluji mlangoni majira yote ya baridi yaliyopita, wenzake wa idara ya barabara waliolibeba jeneza, na akina mama wanaotuandalia chakula katika ukumbi wa chini ya kanisa. Ni marehemu aliyetaka haya yasomwe mbele yenu, ili mjue kwamba Delmar Haugsrud hakusahau kitu. Tulipomwomba Delmar ruhusa, alitujibu, "Soma yote, usiruke. Na ukimfikia, mtaje, maana kaka alishindwa na mimi pia bado nashindwa."

Verlyn, kazi ya mikono yako imekoma, lala salama. Na wewe uliyetutoka ziwani ukiwa na miaka hamsini na minne, ambaye mumeo alikifunga kizibo kama ulivyomwambia, tunakutaja leo kanisani mwako, mbele ya watu uliowapikia, LaVonne.