Billy wa Maji ya Kunde

Benchi langu ni ubao mmoja tu, umelala juu ya mikebe miwili ya rangi, hapa Olympic kabla hujashuka Kibera ndani. Mimi ni Musimbi, lakini hapa kila mtu ananiita Kukhu, yaani bibi kwa Kiluhya, na kahawa yangu ya tangawizi ndiyo inawakalisha hawa wanaume mpaka wake zao wapige simu. Billy, marehemu, alikuwa wa kona ile ya ukutani. Akipiga funda la kwanza lazima akohoe kidogo, halafu aseme, "Kukhu, sasa nimeamka." Ile kona bado tunairuka tukikaa. Mkewe, Seline, anaishi mlango wa nyuma yangu. Mwezi huu zamu ya pesa za chama ilimfikia akanunua TV kubwa, na kesho ni kumbukumbu ya Billy. Mama mkwe wake, Aketch, anakuja kutoka Ugenya, na Seline anataka kumwonyesha video ya harusi yao. Shida ni moja: kwa hiyo TV, Billy ni mwekundu kama nyanya ya jana. Kwa hivyo Seline ameita fundi wa kupima rangi ya picha, fundi wa kulipwa, na benchi langu limepata kazi.

— Kulipa mtu akuguzie rimoti? akauliza Oyoo. Huyu ni seremala wa vitanda, lakini tunamwita Injinia kwa sababu hajawahi kukosa jibu. — Hiyo TV haina makosa. Makosa ni ya stima. Hii yetu ya sambaza inapitia kwa waya za nyumba za watu, ikifika kwa Seline imechoka. Nyekundu ni ngumu, inavumilia. Kijani inabaki njiani.

— Inabaki wapi, Injinia? nikauliza.

— Kwa majirani. Hujaona kwa TV zao nyasi ya mpira vile inang'aa?

Shivachi akaweka kikombe chini. Huyu ni askari wa geti kule Ayany, na kwa sababu ya kuamua nani aingie na nani arudi, tunamwita Jaji.

— Wahenga walisema damu ni nzito kuliko maji, akasema. — Sasa hiyo damu ndiyo imepanda kwa uso.

— Jaji, hiyo methali ni ya mambo ya jamaa, nikasema.

— Kwani Billy hakuwa jamaa?

Seline alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi. Hakucheka.

— Chekeni tu, akasema. — Mama alimwona mara ya mwisho kwa jeneza. Kesho akimwona amegeuka nyanya, ataniuliza, "Seline, huyu ni nani?" Nitamjibu nini?

Oyoo hakuweza kujizuia.

— Shemeji, usimwage pesa. Huko kiwandani hiyo TV waliipima na sura zao wenyewe. Haijawahi kuona Mluo. Imeshtuka. Ikae na sisi kidogo, itatuzoea.

— Itatuzoea kabla ya kesho?

— Ionyeshe picha ya baba yangu. Huyo akizoeleka, Billy atapita.

Tukiwa hapo fundi akafika, mkoba begani. Jaji akamwangalia kutoka viatu mpaka kofia, vile huangalia wageni wa geti.

— Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mnaona? Ametembea.

— Sasa wazee, akasema fundi. — Mimi ni Vincent. Mgonjwa ako wapi?

Akatoa kidude cheusi, cha mviringo, cha kuning'inizwa mbele ya kioo cha TV, mfano wa kile daktari huweka kifuani. Oyoo akakishika, akakipindua, akakirudisha kama mtu aliye na vingine nyumbani.

— Hii inapima nyeupe, iwe nyeupe ya kweli, Vincent akaeleza. — Lakini uso wa mtu huwa naongeza kuuliza mwenye mtu. Mama, mzee alikuwa rangi gani?

Seline hakufikiria hata.

— Maji ya kunde.

— Poa. Hiyo naijua.

Akaingia. Tukamsikia akibonyeza, akinyamaza, akibonyeza. Kahawa ikazunguka mara moja, ikazunguka tena. Baadaye akatoka akipangusa mikono na kutuita. Tukajazana mlangoni, Seline mbele.

Billy alikuwa amesimama pale na suti yake ya harusi, anatabasamu, kijani mpaka meno. Kijani cha chura wa mtaro.

Wa kwanza kuongea alikuwa Oyoo.

— Kijani imefika.

— Vincent, akasema Seline polepole, — hii ni nini?

— Si umesema maji ya kunde, mama? Mamangu hupika kunde kila wiki. Hayo maji nayajua vizuri.

— Kunde si mboga, akasema Jaji. Zamani alilinda godauni Mombasa, na hatuachi kusikia. — Kunde ni punje, kama maharagwe madogo. Ukichemsha, maji yanakuwa ya udongo udongo. Hiyo ndiyo ngozi watu husifu.

— Wacha, Jaji, akasema Oyoo. — Kunde ni majani, sisi Waluo tunaita boo. Nimeikula tangu nitoke kwa titi.

— Hata kwetu ni likhuvi, nikasema, — na ni majani. Na wewe Shivachi ulikula majani hayo hayo kabla Mombasa ikuharibu.

— Basi mbona mnaambiana mko maji ya kunde? akauliza Vincent.

Hapo tukaangaliana. Miaka yote tumesifiana ngozi na Kiswahili cha watu wa pwani, na kwa sufuria zetu wenyewe tunaitana kijani. Vincent alikuwa ametushika tu kwa maneno yetu.

— Alikuwa kama mbao ya mvule ikishapigwa msasa, Oyoo akajaribu.

— Alikuwa kama geti letu, akasema Jaji.

— Geti lenu ni la kutu.

Marehemu mama yangu hakuwa mtu wa kubishana. Alikuwa akisema, "Acha kuniambia, nionyeshe." Nikaenda kwa birika. Ilikuwa imebaki ile kahawa ya mwisho, niliyokuwa nimeiongeza maji, haiko nzito, haiko nyepesi. Nikamimina kikombe cheupe, nikampa Seline. Akaangalia ndani muda mrefu, akakiinamisha upande wa mwanga.

— Hapa, akasema. — Hapa ndiyo yeye.

Vincent akachukua kikombe kwa mikono miwili, akakiweka kando ya TV, akaanza tena. Akibonyeza anaangalia kikombe, akibonyeza anaangalia kikombe. Kile kijani kikatoka kwa meno, kikatoka kwa kola, na Billy akarudi polepole. Seline akashika fremu ya mlango.

— Lipa huyu kijana, akasema Jaji. — Mcheza kwao hutuzwa.

— Lakini alitumia kahawa ya Kukhu, akasema Oyoo. — Wagawane.

Tulikuwa bado kwa hiyo kesi wakati mama mzee alishushwa na bodaboda mbele ya benchi, kiondo kwa mkono mmoja, fimbo kwa ule mwingine.

— Misawa, akatusalimia kwa Kiluo. — Hapa ndiyo kwa Seline?

— Mama? Seline akatoka mbio. — Si tulisema kesho? Mbona hukupiga simu nikupokee?

Aketch hakumwangalia usoni. Aliangalia mahali sauti ilitoka, kisha akapapasa ubao mpaka akapata nafasi, akakaa kwa ile kona ya ukutani. Hakuna mtu alimzuia. Hapo nikaona macho yake, meupe kama maziwa.

— Yalifunga wakati wa mvua, akasema. — Sikutaka kukuambia kwa simu. Mnabishana nini?

Seline akampokea kiondo. Ikabidi nijibu mimi.

— Tulikuwa tunapima rangi ya Billy, dada. Kwa TV. Ili umwone sawa.

Akatikisa kichwa, akacheka kidogo bila ubaya.

— Mmefanya vizuri. Na anaongea mahali?

Vincent akaangalia viatu vyake.

— Mimi nilikuwa nimezima sauti, shosho. Ndio nisichanganyikiwe.

— Mdomo unafunguka, akasema Oyoo, akaachia hapo. Hiyo video tumeiona mara nyingi hata tunajua nani alikanyaga gauni, lakini mpiga picha aliiwekea nyimbo mwanzo mpaka mwisho. Nikamtazama Jaji anitolee methali. Yeye akachungulia kikombe chake.

Seline akachuchumaa mbele ya mama mkwe wake, akamshika magoti.

— Kuna mahali, mama, kanisani. Wimbo mmoja unaisha na mwingine haujaanza. Hapo anakohoa.

— Anakohoa?

— Alikuwa ametoka kunywa ya Kukhu.

Mama mzee akanyoosha mkono ainuliwe.

— Nipelekeni hapo kwa kukohoa.

Vincent akaacha kidude chake kwa benchi, akatangulia na rimoti.