Baraza ya Khelef Haikaliwi

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, na mliofuatana naye, assalaam alaykum.

Makaribisho

Karibu uchochoro wa Kwa Borafya, hapa Mji Mkongwe. Umekuja kutuzindulia taa, nasi tunashukuru. Ukiona wengine wetu wamesimama mbali, usidhani ni adabu. Ni woga.

Historia

Baraza ya mawe iliyo kulia kwako ni ya Khelef Azzan, mwanaharakati wa upinzani. Hapo yeye na wenzake walipanga mawakala wa kusimamia kura. Wakakamatwa, wakashitakiwa kwa kula njama za kuipindua Serikali. Shahidi alieleza mahakamani kwamba walikuwa wakinong'ona. Kweli walinong'ona: ghorofani alilala Bi Mwanapili, mama yake Khelef, mgonjwa, na mkewe Khelef, Bi Hamda, alikwishawagombeza, "Teremsheni sauti, mtu mzima hajalala tangu jana!"

Mafanikio

Alhamdulillahi, mahakama iliwaona hawana hatia. Siku hiyo Bi Hamda alipika pilau, akauacha mlango wazi. Hatukwenda. Mafanikio mengine hatuna.

Changamoto

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Tangu kesi ile, hapana anayekaa barazani pale ila mwenyewe. Khelef akitusalimu, tunaitikia tukiwa tushapita.

Juzi washenga walikuja kumposa binti yake, Basma, naye kashavaa. Bi Hamda akawaona dirishani: wamefika konani, wakaitazama baraza tupu, wakageuza. Akatoka nje, buibui mkononi, akatuambia sote, "Jaji kamwachia mume wangu. Nyinyi mwamfungia nini?"

Ilituuma, maana alisema kweli. Washenga wametuma salamu kuwa watapita tena Ijumaa. Wakikuta vile vile, wataposa kwengine.

Ombi

Mgeni rasmi, hatuombi barabara wala mfereji. Tunakuomba ukae. Pale barazani, ubavuni mwa Khelef, mbele ya macho ya mtaa mzima. Mahakama imeshasema, sisi wanyonge tunangoja kuona kama Serikali imesikia.

Ukikaa, nasi tutakaa. Ukipita ukenda zako garini, hapana atakayekuuliza. Ila Bi Hamda yuko dirishani anakutazama, na Khelef ameshasogea kukupa nafasi.

Mwenyezi Mungu akujaalie moyo mpana na hatua nyepesi. Aamin.

Imesomwa na Marziya Baqir, kwa niaba ya
Wakaazi wa Kwa Borafya, Mji Mkongwe